KWANZA KIBALI, NDIPO BUNDUKI

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi nyote wananchi wa mji wa Bunia,

Leo tunataka kusema wazi jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini katika karieri za Mongbwalu, sokoni hapa mjini, na kule ziwani Kasenyi na Tchomia. Jambo lenyewe ni hili: mtu kumwuzia mwenziwe bunduki, mkono kwa mkono, bila ofisi kujua.

Tumchukue mchimbaji mmoja kwa mfano. Amefanya kazi shimoni miezi mingi, amepata dhahabu kidogo, anaogopa kunyang'anywa njiani. Usiku anakuja mtu na kitu kilichofungwa katika gunia. Anasema: "Ndugu, hii ni salama yako. Lete fedha, chukua, usiulize." Je, mchimbaji huyu amenunua nini? Yeye anadhani amenunua ulinzi. Sisi tunasema amenunua mashtaka, na tutaeleza kwa nini.

Sheria ya silaha katika nchi yetu iliandikwa tarehe 3 Septemba 1985, wakati nchi ikiitwa Zaire. Ni amri-sheria namba 85-035. Msingi wake si mgumu kuelewa. Kuwa na bunduki si haki ambayo kila mtu anayo tangu kuzaliwa. Ni ruhusa itolewayo na serikali, na ruhusa hiyo huandikwa. Raia asiye na kibali, kile ambacho wengi wetu tunakiita permi, hawezi kununua bunduki, wala kuiweka nyumbani, wala kutembea nayo. Hainufaishi kitu kusema kwamba aliyekuuzia ni jirani, au shemeji, au mtu wa kabila lako. Sheria haiulizi mliuziana kwa upendo au kwa ugomvi. Inauliza kibali kiko wapi.

Basi mwenye kutaka kufuata njia ya haki ashike mambo haya manne. La kwanza, kibali hutangulia na bunduki hufuata. Asiyekianza kwa kibali amekwisha kosa kabla hajahesabu fedha. La pili, kibali ni cha mtu mwenyewe. Karatasi ya mwuzaji haimkingi mnunuzi, hata akiitia mfukoni pamoja na bunduki. La tatu, bunduki ya haki ina namba yake, na namba iliyochongwa katika chuma lazima ilingane na ile iliyoandikwa katika karatasi. Ukiona namba imesuguliwa kwa tupa, ondoka hapo upesi. La nne, mambo haya humalizwa ofisini mchana, si nyuma ya nyumba usiku. Nawe udai risiti kwa kila faranga unayolipa.

Lakini hayo yote ni kwa bunduki ambazo raia anaweza kuruhusiwa, kama ile ya kuwindia. Silaha ya vita ni habari nyingine kabisa. Kalashnikov haina kibali cha raia. Hakuna mkuu wa kartie, wala mkuu wa kundi, wala ofisa mwenye nyota mabegani, awezaye kukuuzia na ikawa halali. Kanuni ya Adhabu ya Kijeshi ya tarehe 18 Novemba 2002 inaadhibu kuwa na silaha na risasi za vita isivyo halali, na raia aliyekutwa nayo hupelekwa mbele ya majaji wa kijeshi. Ndugu zetu wengi hawalijui jambo hili. Wanadhani mahakama ya jeshi ni ya askari peke yao, hata siku wanaposimama ndani yake wakiwa na nguo zao za mgodi.

Na kuna hatari nyingine ambayo haikuandikwa katika sheria. Bunduki ya gunia ina historia usiyoijua. Labda iliua watu katika kijiji cha Djugu. Labda iliibwa katika ghala la jeshi. Aliyeitumia amekwenda zake na fedha zako, na wewe umebaki nayo chini ya kitanda. Wazee husema: akutwaye na ngozi ndiye mwizi. Siku ya msako, utamwambia nani kwamba ng'ombe hukumchinja wewe?

Na wale wanaovuka mpaka kwa njia ya Mahagi au Aru kutafuta bei nafuu, wajue kwamba Uganda nako kuna sheria ya bunduki tangu 1970, nayo pia inadai cheti kabla ya kununua. Mtu huyo huvunja sheria za nchi mbili kwa safari moja.

Wako watakaotuuliza: "Ninyi watu wa chama cha uhuru, mnataka raia awe mikono mitupu kama zamani za Mbelgiji?" Swali hili ni la haki, nasi hatulikimbii. Tunakumbuka kwamba tarehe 2 Julai 1890 wakubwa wa dunia walitia sahihi mkataba huko Brussels. Walikubaliana kwamba katika nchi za Afrika, kutoka digrii 20 kaskazini mpaka digrii 22 kusini, bunduki za kisasa zizuiliwe zisifike mikononi mwa wenyeji, isipokuwa zile gobole za zamani kwa masharti. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa. Lakini askari wa Bula Matari walibaki na bunduki nzuri, na kwa bunduki hizo watu walilazimishwa kutafuta mpira, na baadaye, dhahabu ya Kilo ilipovumbuliwa mwaka 1903, kuchimba na kubeba mizigo. Sheria ile iliwafunga wenyeji na kumwacha mtawala huru.

Sisi hatutaki sheria ya namna ile irudi. Tunataka sheria moja imshike mchimbaji na tajiri, raia na askari. Na kwa sababu hiyo, baada ya kuwaonya raia, sasa tunageuka kuiambia serikali maneno yake.

Bunduki hizi za usiku hazikuota shambani kama mihogo. Wataalam wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba silaha na risasi za vikundi vya mashariki ya Kongo nyingi zilitoka katika ghala za jeshi lenyewe, kwa kuibwa, kwa kuuzwa, au kwa kutekwa vitani. Kongo ilitia sahihi Mapatano ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, na mapatano hayo yanadai silaha zitiwe alama na kuandikwa, ili kila moja ijulikane ilitoka wapi. Basi na ijulikane! Akikamatwa mnunuzi, ifuatwe namba mpaka apatikane na mwuzaji, hata kama amevaa sare. Kumfunga maskini aliyenunua na kumwachia mkubwa aliyeuza ni sawa na kufagia maji huku bomba liko wazi.

Pili, sheria imeandikwa kwa Kifaransa, na wengi wanaofungwa nayo husema Kiswahili. Tunadai ibandikwe kwa Kiswahili katika ofisi za teritwari zote tano, Aru, Mahagi, Djugu, Irumu na Mambasa, na penye kila mgodi. Iandikwe ni ofisi ipi inayopokea maombi ya kibali, ni karatasi gani zinazotakiwa, na ada ni kiasi gani. Mahali ambapo bei ya kibali haijulikani, rushwa ndiyo inayokuwa bei.

Tatu, raia atakayeleta bunduki kwa hiari apokewe kama raia. Akitegwa mlangoni na kufungwa, mwingine hataleta tena, ataizika.

Nasi tunajua vizuri habari ya kuzika. Kati ya 1999 na 2003 vita vya Ituri viliua watu waliokadiriwa kuwa zaidi ya 50,000. Mwezi wa Juni 2003 kikosi cha nchi za Ulaya kilipoingia Bunia, iliagizwa kwamba bunduki zisionekane mjini. Kweli hazikuonekana, lakini nyingi zilifichwa tu. Baadaye watu wakaanza kuuawa tena katika Djugu na Irumu, na tarehe 6 Mei 2021 mkoa wetu ukatiwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Kitu kilichozikwa bila kuharibiwa huchimbuliwa; watu wa migodi hawahitaji kufundishwa jambo hilo.

Tunajua pia kwamba mtu anayelala na hofu hashibi kwa maneno ya sheria. Kijiji kilichochomwa kina haki ya kuuliza: "Askari walikuwa wapi?" Serikali inayomkataza raia bunduki imechukua deni la kumlinda, na deni hilo halijalipwa katika Ituri. Tutalidai bila kuchoka. Lakini tulidai pamoja, kwa mikutano na kwa barua zenye sahihi zetu. Maana mmoja akinunua bunduki kwa hofu, jirani yake wa kabila jingine ataogopa na kununua mbili, na vijana wao watajipanga. Hapo tutakuwa tumefika palipokatazwa na Katiba ya 2006, kifungu cha 190, kisemacho kwamba mtu yeyote asiunde kikosi cha vita wala asitunze vijana wenye silaha, na kosa hilo ni uhaini mkuu. Kwa njia ile ile tulipoteza ndugu zetu, Wahema na Walendu na makabila mengine, nao waliokuwa wakiuza bunduki walitajirika.

Basi, ndugu mchimbaji, mtu wa gunia akija usiku, mwulize maswali mawili: Kibali chako kiko wapi? Na changu nitakipata ofisi gani? Akicheka, umekwisha pata jibu. Weka fedha yako kwa karo ya mtoto.

Msomaji, ukimaliza gazeti hili usilifungie karanga. Msomee jirani asiyejua kusoma.

UHURU, UMOJA NA KAZI!