Gitaa Lisiliamulie Shairi

Washairi wenzangu, tunapomkabidhi mwanamuziki shairi, huwa tunauliza mambo mawili: nani ataliimba, na je, mizani yake itaheshimiwa? Swali la tatu twalisahau, nalo kwangu ndilo zito zaidi: gitaa litapiga kodi gani? Kodi nisemayo si ile ya serikali. Ndivyo wapigaji wetu waitavyo sauti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja, na mpaka leo hatujakubaliana neno jingine.

Msimamo wangu ni huu: shairi linaloimbwa kwa maqamu lisivishwe kodi zilizoazimwa kutoka skeli nyingine. Kodi zizaliwe na skeli ileile iliyouzaa wimbo.

Tuanze na Hijazi, ambayo masikio ya watu wa pwani yanaitambua hata ulimi usipoitaja. Tukiianzia D, sauti zake ni D, E-flati, F-shapu, G, A, B-flati na C. Kati ya E-flati na F-shapu pana mruko wa nusu toni 3, na mruko huo ndio unaoipa Hijazi simanzi yake na fahari yake. Sauti zote hizi zimo katika gitaa la kawaida. Ukijenga kodi kwa sauti hizo tu, utapata D meja, E-flati meja, G maina na C maina.

Sasa itafute A meja, kodi ambayo mpigaji wa dansi au wa kwaya huitegemea ili arudi nyumbani D. Haimo. A meja yahitaji C-shapu na E, na Hijazi haina hata moja kati ya hizo. Anayeipiga huihama skeli palepale ambapo mwimbaji anatua kwenye kituo cha ubeti. Hicho ni sawa na kina cha kulazimisha: mshororo umefungika, lakini neno lililoufunga si la shairi. Hijazi ina njia yake ya kurudi, nayo ni kushuka nusu toni moja, kutoka E-flati hadi D. Wapigaji wa flamenko wa Andalusia, nchini Hispania, hutua kwa kushuka namna hiyo, wala hakuna awaambiaye kwamba muziki wao haufiki mwisho.

Rast ni mtihani mkubwa zaidi. Ikianzia C, sauti yake ya tatu haiwi E wala E-flati, hukaa katikati. Gitaa, ambalo shingo yake imegawanywa kwa vijiti vya chuma katika nusu toni 12, halina mahali pa kuiweka. Fidla na udi zinayo, kwa kuwa shingo zao ni laini. Hata kanuni inayo, kwa vile vipini vidogo vinavyoinuliwa na kushushwa chini ya nyuzi. Tazameni lugha inavyotufundisha: chombo chenye jina moja na sheria ndicho kinachokubali kurekebishwa.

Mpigaji gitaa akiweka C meja chini ya Rast, masikio yaliyozoea redio yatasikia furaha. Akiweka C maina, yatasikia huzuni. Mshairi huenda hakusema lolote kati ya hayo. Huenda alitunga fumbo, akaliacha wazi makusudi, na sauti ile ya katikati ikamtunzia siri. Kodi moja imeifichua siri, tena imeifichua kwa uongo.

Nitaambiwa kwamba vikundi vya Tanga, kama Black Star na Lucky Star, viliingiza gitaa katika taarabu na watu wakapenda. Ni kweli, nami ni miongoni mwa wapendao. Sisemi gitaa litolewe. Mwaka 1932, katika kongamano la muziki wa Kiarabu mjini Kairo, wataalamu walijadili nafasi ya ala za Ulaya, piano ikiwemo, na hoja haijaisha hadi leo. Ninachosema ni kwamba mpigaji ana hiari. Katika Rast anaweza kupiga C na G peke yake, au kuongeza F, akaiacha ile sauti ya tatu kwa mwimbaji na fidla. Kodi yenye nafasi wazi si kodi pungufu. Sisi tunaoishi kwa mafumbo tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo.

Basi tuulize kabla ya kutoa mashairi yetu: wimbo huu uko katika maqamu gani, na kodi zake zimetoka wapi? Kama hatukubali mhariri atubadilishie neno bila idhini, kwa nini tukubali gitaa litubadilishie maana?