Siyo kwamba ni mweusi sana, ni wewe hujaweka mwanga

Siku mbili tatu nilikuwa kimya, testi zilibana. Leo nina la moyoni, hasa kwa wenzangu hapa chuo mnaopiga picha maofisini ili kusogeza siku kabla bumu halijaingia.

Mmeziona picha za wakurugenzi na mameneja kwenye tovuti za makampuni: suti, tai, mikono imekunjwa kifuani. Nyingi zina kasoro mbili. Ama sura imezama gizani huku dirisha la nyuma linawaka, ama uso umepaushwa kwa Photoshop mpaka uso na mikono vinaonekana vya watu wawili. Halafu utasikia mpiga picha anajitetea: "Yule mama ni mweusi sana bwana, kamera haimshiki." Hapana jamani. Mama wa watu hana kosa. Kosa ni la mwanga, na mwanga ni kazi yetu.

Kweli, vifaa navyo vina historia yake. Miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa "Shirley", zenye picha ya mwanamke mzungu. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada aliandika mwaka 2009 kwamba waliochangia Kodak kuboresha rangi za kahawia ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazitoki vizuri. Yaani chokoleti ilisikilizwa kabla yetu! Lakini pamoja na hayo, Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, akapiga watu uani kwa mwanga wa jua, na sura zao zimetoka nyeusi na zinapendeza mpaka leo. Kwa hiyo tusijifiche nyuma ya vifaa.

Ofisini, kwanza pima mwanga usoni, siyo ukutani. Kamera inapenda wastani wa kijivu. Ikiona ukuta mweupe au dirisha, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso unakuwa giza.

Pili, itoe flashi juu ya kamera. Ikipiga usoni moja kwa moja, paji linang'aa kama limepakwa mafuta na umbo la sura linapotea. Iweke kwenye stendi pembeni, nyuzi 45 hivi, ipite kwenye mwavuli mweupe, na uisogeze karibu. Ngozi nyeusi inachorwa na mng'ao mpana na laini kwenye shavu na taya. Na kumbuka, ukiipeleka taa mbali mara mbili, mwanga unaofika ni robo tu.

Bosi akitaka bahari ya Posta ionekane nyuma yake, weka shata kama 1/200, funga tundu la lenzi mpaka f/8 au zaidi ili dirisha litulie, kisha ongeza nguvu ya flashi mpaka uso ukae sawa. Zima taa za mirija za dari, nyingi zina ukijani unaogombana na flashi. Mwenye miwani, inua taa juu na pembeni zaidi mpaka kivuli cha mwavuli kitoke kwenye vioo.

Najua mtaniambia mteja ndiye anayeomba, "kijana, ning'arishe kidogo." Wengine wanaomba kweli. Ila mimi naamini wengi wamezoea kujiona kama masizi kwenye picha, wakadhani dawa ni weupe. Mwonyeshe kwanza picha yenye mwanga mzuri kwenye kioo cha kamera, uone kama bado ataomba.

Tatizo kubwa ni bei. Bosi anakupa dakika 10, lakini kupanga taa kunataka saa nzima kabla hajaingia. Iombe hiyo saa na uiandike kwenye bei. Ukikubali bei ya kutupa utapiga mbio mbio, halafu usiku utakaa unawapausha watu kwenye kompyuta. Picha ile itakaa ukutani miaka, na binti anayekuja kuomba kazi pale atajifunza kitu: kwamba ukipanda cheo, lazima ubadilishwe rangi. Mimi siwezi kulipwa kwa kufundisha hivyo.

Nawasilisha.