Oveni haipati moto? Pima kwanza, nunua baadaye

Leo tuweke mbegu na mbolea pembeni tuzungumzie oveni ya umeme. Umeme umefika vijiji vingi, na vikundi vinavyosindika unga wa muhogo na viazi lishe vimenunua oveni za kuokea mikate, skonzi na keki. Kisha siku moja oveni inagoma. Taa inawaka, lakini ndani ni baridi. Kikundi kinaitisha kikao, kinatoa fedha za mfuko, kinanunua oveni nyingine. Baada ya muda, na hiyo mpya inagoma vilevile.

Msimamo wangu ni huu: kikundi kisinunue oveni mpya, wala spea yoyote, kabla hakijaonyeshwa kwa kipimo tatizo liko wapi. Fedha ile ni akiba ya watu na mara nyingine ni mkopo. Na oveni si mtambo mgumu. Ndani yake kuna koili za moto, themostati inayolinda kiwango cha joto, swichi ya kuchagua moto wa juu au wa chini, na taima. Kimoja kikiharibika hubadilishwa, oveni ikaendelea.

Anza na mambo yasiyo na gharama. Oveni nyingi ndogo za mezani hazipeleki umeme kwenye koili kama taima iko kwenye sifuri. Zile kubwa zenye saa ya namba, nyingi hugoma baada ya umeme kukatika mpaka saa ipangwe upya. Huo si ubovu. Angalia pia kama swichi imewekwa kwenye moto wa juu peke yake wakati wewe unasubiri mkate uive chini.

Ukishamaliza hapo, utazame umeme wenyewe. Wengi hujaribu soketi kwa chaji ya simu; simu ikiingia chaji wanasema umeme ni mzima, ubovu ni wa oveni. Chaji nyingi za simu hufanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo inakuambia umeme upo, haikuambii kama unatosha. Koili ya oveni haina uvumilivu huo. Oveni ya wati 2,000 iliyotengenezwa kwa volti 230, ukiipa volti 180 inatoa wati 1,200 na kitu tu. Umeme umepungua kama sehemu moja ya tano, joto limepungua karibu sehemu mbili za tano. Mkate utakaa ndani saa nzima na utatoka mweupe, mgumu. Kama oveni yako inaoka vizuri alfajiri na kugoma jioni, wakati mashine za kusaga na majirani wote wanatumia umeme, usiifungue. Haina kosa.

Hapa ndipo fundi umeme mwenye mita anapohitajika. Apime volti kwenye soketi oveni ikiwa imezimwa, kisha apime tena ikiwa inawaka. Volti zikiwa chini hata kabla ya kuwasha, tatizo linatoka nje ya nyumba. Litolewe taarifa TANESCO, na wakati mnasubiri okeni asubuhi. Zikiwa nzuri kabla ya kuwasha kisha zikaporomoka mara oveni inapowaka, tafuteni waya mwembamba au kiungo kilicholegea, mkianzia ndani ya nyumba. Oveni hiyo ya wati 2,000 inavuta karibu ampia 9. Plagi ikiwa ya moto mkononi, ikibadilika rangi au ikinuka plastiki iliyoungua, hapo ndipo joto la mkate wako linapoishia. Ekstensheni ya waya mwembamba, tena ikiwa imeviringishwa, si ya oveni kabisa. Inaweza kuwaka moto.

Umeme ukiwa mzuri, sasa twende ndani. Oveni ichomolewe kwenye soketi na ipoe. Koili iliyokatika mara nyingi inaonekana kwa macho: ina uvimbe, ufa au alama ya kuungua. Isipoonekana, fundi aachanishe waya mmoja wa koili na kupima. Koili ya wati 2,000 inapaswa kusoma karibu omu 26. Mita isiposoma kitu, imekatika. Ikisoma vizuri lakini bado haipati moto, apime themostati na swichi. Mwambie akuonyeshe namba kwenye mita kabla ya kutaja bei. Fundi mzuri hatachukia.

Kuna matengenezo mawili ya kukataa hata yakiwa ya bure. La kwanza ni kuiruka themostati na kuunganisha koili moja kwa moja. Oveni itapata moto, ila hakuna kitakachouzuia moto huo usipande. La pili ni kukata waya wa erthi kwa sababu breka inaanguka kila mkiwasha. Breka inaanguka kwa sababu mara nyingi koili inavujisha umeme kwenye bati. Ukikata erthi, umeme ule utapita kwa mama anayetoa trei kwa mikono yenye maji.

Na ninyi wenye maduka, hili linawahusu. Mteja akija na koili iliyokatika, msimpe yoyote inayoingia. Someni volti na wati zilizoandikwa kwenye kibao cha oveni. Muuzieni plagi ya ampia 13 yenye fyuzi sahihi na waya unaobeba mzigo huo, hata kama ule mwembamba unatoka haraka kwa sababu ya bei. Mteja ambaye oveni yake inafanya kazi atarudi kununua unga, hamira na mafuta kila wiki. Yule aliyeunguliwa na nyumba hatarudi.

Kwa vikundi, pendekezo langu ni kununua mita moja ya kupimia umeme kabla ya kufikiria oveni ya pili, na kuwa na fundi mmoja anayeaminika wa kuitumia. Kila kipimo kiandikwe kwenye daftari la kikundi pamoja na tarehe. Siku oveni ikigoma, kikao kianze kwa kufungua daftari hilo, kabla ya kufungua sanduku la fedha.