Ukijifanya kushindwa, utashindwa kweli

Leo ningependa uwaite watoto waketi karibu, maana nina kisa cha kuwahadithia. Huenda kilikupita, kwa sababu Olimpiki zikifika macho yetu Wakenya huganda kwenye mbio. Chenyewe kilitokea katika badmintoni, ule mchezo wa kupigiana kinyoya kwa raketi juu ya wavu, ambao wengi wetu tumeuona katika kumbi za shule na klabu tukaudhania kuwa wa kupitisha wakati tu.

Usiudharau hata kidogo. Badmintoni ilichezwa kwa maonyesho katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na kuanzia Barcelona mwaka 1992 ikawa inashindaniwa medali. Kinyoya chenyewe kina manyoya 16 na uzani wa gramu tano hivi. Lakini kwa China, Indonesia na Korea Kusini, kina uzito sawa na ule wa mbio za kuruka viunzi na maji kwetu sisi.

Basi tega sikio. Ilikuwa jioni ya Julai 31, 2012, katika ukumbi wa Wembley Arena, London. Walioingia uwanjani ni Wang Xiaoli na Yu Yang wa China, mabingwa wa dunia wa wanawake wawili wawili. Taji lao walikuwa wamelitwaa katika ukumbi huo huo mwaka mmoja kabla. Upande wa pili walisimama Jung Kyung-eun na Kim Ha-na wa Korea Kusini. Watu walikuwa wamelipa tiketi zao, wamejaa, wanangoja moto uwake.

Lo! Moto haukuwaka. Bingwa wa dunia anaanzisha kinyoya, kinanasa kwenye wavu. Mpinzani akianzisha, chake nacho kinaenda kombo. Katika seti ya kwanza, hakuna wakati walipopigiana zaidi ya mara nne kabla ya kinyoya kuanguka. Mashabiki wakaanza kuzomea. Refa akaingia uwanjani kuwaonya, lakini wapi! Mwishowe Wachina wakapata walichokuwa wakikitafuta: walishindwa 21-14, 21-11.

Pengine unajiuliza, mtu mwenye akili timamu ataka kushindwa kwa nini? Sikiliza hesabu yao. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, wachezaji wawili wawili walianza kwa kucheza katika makundi kabla ya kuingia hatua ya mtoano. Jozi zote mbili zilikuwa zimekwisha kufuzu, na kilichobaki ni kujua nani angeongoza kundi. Mapema siku hiyo, jozi nyingine ya China, Tian Qing na Zhao Yunlei, ilikuwa imeshindwa na Wadenmaki na kumaliza ya pili katika kundi lake. Kwa hivyo Wang na Yu wakishinda, wangekutana na dada zao wa China katika nusu fainali. Wakishindwa, wangekutana nao kwenye fainali tu, na China ingeondoka na dhahabu na fedha.

Uovu huambukiza. Baada ya muda mfupi wakaingia Wakorea wengine, Ha Jung-eun na Kim Min-jung, dhidi ya Greysia Polii na Meiliana Jauhari wa Indonesia. Ambaye angeshinda hapo angekutana na wale mabingwa wa dunia katika robo fainali. Basi nao pia wakaanza mchezo wa nipe nikupe, kila upande ukimsukumia mwenzake ushindi. Refa alifikia kuwaonyesha kadi nyeusi, yaani ya kufukuzwa, kisha akairudisha mfukoni. Wakorea ndio 'waliobahatika' kushinda.

Kesho yake, Agosti mosi, Shirikisho la Badmintoni Duniani lilitoa hukumu. Wachezaji wote wanane walifukuzwa mashindanoni kwa kosa la kutojitahidi kushinda. Korea Kusini ikakata rufaa, ikagonga mwamba. Indonesia nayo ilikata rufaa, kisha ikaiondoa. Nafasi zao katika robo fainali zikapewa Urusi, Kanada, Australia na Afrika Kusini. Naam, Michelle Edwards na Annari Viljoen wa Afrika Kusini, waliokuwa wameshindwa mechi zao zote za kundi, wakajikuta robo fainali. Warusi, waliokuwa wakifunga virago, wakaenda nyumbani na shaba. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe.

Sasa msomaji, najua kijana wako mmoja hapo nyumbani atainua mkono. "Lakini mbona wanariadha wetu hupunguza mwendo katika mchujo? Si ni ujanja ule ule?" Ni swali zuri na linastahili jibu. Mkimbiaji anayepunguza mwendo mita 50 za mwisho baada ya kuona amefuzu anajiwekea nguvu za fainali, lakini uso wake bado unaelekea kwenye utepe. Hajageuka akaanza kukimbia kinyumenyume. Wale wanane walikuwa wamegeuka. Walikuwa wakitumia ustadi wao wote kuhakikisha wanashindwa, mbele ya watu waliolipa kuwaona wakishindana.

Hata hivyo tusiwe kama fisi wa kumrarua aliyekwisha anguka. Ratiba yenyewe ilikuwa na tundu, na waliotengeneza tundu hilo hawakuwa wasichana hao. Shirikisho lenyewe lilikiri hilo kwa vitendo: baadaye mwaka huo huo lilibadilisha kanuni, ili jozi zinazomaliza za pili katika makundi zipigiwe kura upya na mtu asiweze kujichagulia mpinzani. Lakini mlango ukiachwa wazi, anayeingia kuiba bado ni mwizi.

Na hapa ndipo kisa kinaponigusa mimi. Mmoja wa wale wanane, Greysia Polii, alikuwa na umri wa miaka 24 tu. Fikiria binti wa umri huo akirudi kwao Indonesia, nchi inayoipenda badmintoni kama roho yake, akiwa na jina la kufukuzwa Olimpiki. Angeitupa raketi, nani angemlaumu?

Hakuitupa. Mwaka 2014, akiwa na mwenzake Nitya Krishinda Maheswari, alishinda dhahabu katika Michezo ya Asia huko Incheon. Mwaka 2016 walifika robo fainali ya Olimpiki mjini Rio, na waliowatoa walikuwa Tang Yuanting na... Yu Yang yule yule wa London! Kisha Nitya akaumia. Greysia akawekwa pamoja na msichana mdogo aliyekuwa hajajulikana sana, Apriyani Rahayu, ambaye amemzidi kwa zaidi ya miaka 10.

Olimpiki ya Tokyo ilipochezwa mwaka 2021, bila watazamaji kwa sababu ya korona, wawili hao walifika fainali dhidi ya Chen Qingchen na Jia Yifan wa China. Katikati ya mchezo raketi ya Greysia iliharibika kinyoya kikiwa bado hewani. Apriyani akalinda uwanja peke yake, dada mkubwa akakimbilia mkoba, akanyakua nyingine na kurudi mchezoni mbio. Yule aliyefukuzwa kwa kutotaka pointi sasa alikuwa akiipigania hata moja. Walishinda 21-19, 21-15. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Indonesia katika wanawake wawili wawili, na Greysia alikuwa amebakisha siku chache kutimiza miaka 34. Miongoni mwa zawadi zilizoahidiwa ni ng'ombe watano!

Mzazi mwenzangu, watoto wetu wanapofanya kosa la aibu, iwe ni kuibia mtihani au kuachilia mechi ya shule kwa sababu mkubwa fulani amewaambia, adhabu ni lazima. Greysia aliadhibiwa na hakupunguziwa. Lakini adhabu ilipokwisha, raketi alirudishiwa. Huo ndio wajibu wetu: kosa tuliite kosa, kisha mlango tusiufunge.

Nawe mwanafunzi, wakati mwingine utaona njia ya mkato iliyo halali kwa hesabu na haramu kwa dhamiri. Kumbuka ukumbi wa Wembley ukizomea. Mpinzani unayemkwepa leo utakutana naye kesho, na huenda kesho hiyo usiwe na raketi mkononi.

Kujikwaa si kuanguka. Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.