MLIMA UNA JINA, MTU HANA



Wako watu wanaotuuliza: ninyi wa Tarbaj mna habari gani na garimoshi? Reli haikufika Wajir wakati wa Mwingereza, wala haijafika mpaka leo. Twajibu: tunayo habari, tena kubwa.

Katika makumbusho ya Relwe mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, imehifadhiwa injini ya mvuke nambari 5918. Injini za namna hiyo zilikuwa 34, zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilipita uzito wa tani 250. Katika reli zote za upana wa mita moja duniani hazikupata kuwako injini za mvuke kubwa kuliko hizo. Zilichoma mafuta, zikavuta tani 1,200 kutoka Mombasa, usawa wa bahari, mpaka Nairobi, zaidi ya futi 5,000 juu.

Kila injini ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hii 5918 yaitwa Mount Gelai. Vizuri, hatuna ugomvi na mlima. Lakini je, ni mlima uliowasha moto? Ni mlima uliopaka grisi usiku, au uliopanga mataruma juani? Majina ya waliofanya kazi hizo hayakuandikwa ubavuni mwa chuma hicho.

Kwa miaka mingi ya ukoloni Relwe ilipanga kazi na mshahara kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi kati, Mwafrika chini. Mwaka 1959 wafanyakazi Waafrika wa Relwe waligoma. Basi mtu akisifu nguvu za injini bila kutaja mgomo, ametoa nusu ya habari.

Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Relwe ya pamoja ikagawanywa. Injini zilihesabiwa. Lakini wazee waliotumikia Jumuiya huko Tanzania walikuwa bado wanadai haki zao mahakamani zaidi ya miaka 25 baadaye, na wengine walikufa wakingoja. Chuma kilipata paa, mzee akapata foleni.

Sisi wafugaji twajua jambo moja: kisima kina haki ya aliyekichimba, na wajukuu zake hutajiwa jina lake. Desturi hiyo ni bora kuliko daftari nyingi za ofisini.

Ndugu, jambo hili si la kale tu. Leo barabara yapita kwetu kuelekea Mandera. Kibarua anayeandikwa kwa siku, bila barua ya kazi, yuko katika hali ile ile ya mwasha moto. Barabara itakapokwisha itapewa jina la mkubwa fulani, na yeye atadai kwa ushahidi gani?

Kwa hiyo twasema:

1. Makumbusho yaweke orodha ya wafanyakazi wa Relwe karibu na injini, wakati wako wazee wa kuulizwa.

2. Kila mwanachama adai barua ya kazi na karatasi ya mshahara, na aziweke kwa usalama.

3. Mchango wa NSSF ukikatwa, uliza umefika. Usione haya.

Asiyejua kusoma amwone katibu. Ndiyo kazi yake.

Umoja ni nguvu.