Kabla ya Kumwita Mtalii Mezani

Katika hoteli nyingi za Butembo, mgeni akiomba kahawa asubuhi huletewa maji ya moto na kopo la kahawa ya unga iliyotoka ng'ambo. Juisi nayo ni ya boksi. Haya yanatendeka katika mji ulioinuka zaidi ya mita 1,700, ambao vilima vya jirani huzaa arabika na soko lake hujaa marakuja. Ni aibu. Wenye hoteli hawahitaji ruhusa ya Kinshasa wala msaada wa mfadhili ili wanunue kahawa ya Lubero, waikaange na kumpa mgeni. Waanze sasa.

Utalii wa chakula na kinywaji unazungumzwa sana siku hizi, na eneo letu lina cha kuonyesha: samaki wa Kyavinyonge, sombe, kakao ya Mbau na Mangina, Rwenzori yenye kilele cha mita 5,109. Huko Mutwanga kiwanda cha chokoleti kinatumia kakao ambayo kwa miaka mingi ilivushwa Kasindi ikiwa ghafi ndani ya magunia. Hiyo ndiyo njia.

Mvinyo wa zabibu hatuna, wala tusiutamani. Tuna kasiksi. Ndizi zilizoiva hukamuliwa, maji yake huchachushwa kwa mtama uliokaangwa, kisha pombe huuzwa kwa bidoni, na mnywaji hajui ukali wake wala usafi wa maji yaliyotumika. Kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Graben kiwasaidie akina mama wanaoitengeneza wapate kipimo na chupa safi. Kuwatoza kodi kabla ya hapo ni kuwaonea.

Lakini kuna neno zito zaidi. Waasi wa ADF wamewaua wakulima katikati ya miti yao ya kakao, wengine msimu wa mavuno. Jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na mauaji hayakukoma. Tangu Goma, makao makuu ya jimbo, ilipotekwa Januari 2025, uongozi wa jimbo umekaa Beni. Uongozi huo sasa uko jirani na mashamba hayo ya kakao, na kisingizio cha umbali hakipo tena. Mpaka mkulima wa Mbau avune na kurudi nyumbani salama, serikali haina haki ya kumwalika mtalii yeyote kuja kuitazama kakao yake.