Masisi na Walikale: Taa ya watoto wenye manjano haitoshi bila kupima damu

Mtoto anazaliwa Masisi, siku ya tatu macho yake yanageuka manjano. Bibi anasema: mpelekeni kwenye jua. Jua gani, katika ukungu ule wa milimani? Na hata likiwaka, mtoto aliyevuliwa nguo atashikwa na baridi, au ngozi yake itaungua.

Manjano hayo yanatoka kwenye chembe nyekundu za damu. Zikivunjika zinaacha bilirubini, na ini changa linashindwa kuiondoa. Ikizidi, inaingia kwenye ubongo. Mtoto anaweza kufa au kubaki kiziwi. Taa ya buluu, iliyoanza kutumiwa Uingereza miaka ya 1950, inageuza bilirubini hiyo ili itoke mwilini.

Lakini taa haizuii chembe kuvunjika. Damu ya mama na ya mtoto zisipopatana, bilirubini inaweza kuendelea kupanda hata chini ya taa, na mtoto atahitaji kubadilishiwa damu. Tena, tafiti kadhaa zimeona chembe zinazogandisha damu zikipungua kwa baadhi ya watoto waliowekwa chini ya taa. Bila laboratwari, muuguzi atajuaje?

Kwa hiyo anayeahidi taa Walikale alete pia vifaa vya kupima damu na umeme wa jua. Kumpeleka mtoto Goma kwa pikipiki, katika barabara ile na vita hivi, si matibabu.

Wazazi, muangalie macho na fizi za mtoto mchana. Manjano yakionekana siku ya kwanza, nendeni hospitali siku hiyohiyo.